Usinipigie, Niandikie

Wiki ya tatu ilikuwa inaingia na Ummi hajaisikia sauti ya Swabir wala kumwona. Akipiga simu, inaita mpaka inajikatia yenyewe, kisha unaingia ujumbe: *Usinipigie, niandikie.* Akiandika, jibu linakuja kavu kama kuni. *Mzima. Niko kazini. Lala salama.* Huyu ndiye Swabir aliyekuwa akimpigia kila asubuhi kabla hajapanda kwenye mapaa ya hoteli za Diani kutengeneza viyoyozi, akamsimulia upuuzi wote wa dunia mpaka chai ya Ummi ikapoa kikombeni.

Ummi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi pale Ukunda, na alikuwa ameshaachika mara moja. Mwanamke aliyeachika anaujua ukimya wa mwanamume. Wa mume wake wa kwanza ulianza vivyo hivyo: simu kulazwa kifudifudi, majibu ya neno moja moja, halafu talaka. Kwa hiyo Jumamosi ile, alipokuwa akimchora bibi harusi hina na shangazi mtu akatamka jina la mama yake Swabir, alitega sikio.

"Kule Msambweni kwa Bi Biasha," alisema yule shangazi, akijipepea na ukingo wa leso, "kila siku watu wanaingia na kutoka. Wazee, akina mama, na sheikh juzi nilimwona. Nahisi kuna posa. Yule mwanawe fundi si amekaa sana bila mke?"

"Labda," alisema Ummi, akaendelea kuchora. Lakini ua alilochora lilitoka limepinda, ikabidi alifute.

Alikuwa anajua kwamba Bi Biasha hamtaki. Mama yule alimwambia mbele ya uso wake, miaka miwili iliyopita, kwamba mwanawe wa pekee hataoa mtalaka aliyekaa na mume miaka sita asizae. Swabir alikuwa amesimama kati yao siku hiyo, akasema, "Mama, mimi sioi wajukuu, naoa mtu." Tangu hapo walikuwa wakingoja moyo wa mama ulainike. Sasa Ummi aliona wazi kwamba uliolainika ni wa mwana.

Jumapili asubuhi akavaa buibui lake jipya, akajipaka wanja vizuri, akaenda Msambweni kugombana.

*

Bi Biasha alikuwa barazani, ameketi juu ya mbuzi, akikuna nazi. Alipomwona Ummi anakata kona ya ua, hakuinuka.

"Hodi hapa."

"Karibu. Swabir hayupo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayupo."

"Bado sijamuulizia," alisema Ummi.

Kutoka ndani ya nyumba kulikuwa na sauti. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, kavu, inakwenda na kurudi, kama fundi seremala anayepiga mbao msasa bila haraka. Inakuja, inatulia kidogo, inakuja tena. Ummi alisikiliza, na kila ilipokwaruza aliisikia kifuani mwake. Alikuwa akipamba maharusi miaka kumi, na hakuna harusi ya pwani asiyoijua ilivyo siku za mwisho: rangi ukutani, mapazia mapya, na kitanda cha bibi harusi kikipigwa msasa chumbani.

"Naona mna fundi ndani," alisema.

Mkono wa Bi Biasha ulisimama juu ya nazi. "Fundi gani?"

"Huyo anayepiga msasa. Ni kitanda cha mkwe mpya?"

Bi Biasha aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na nywele zilizotokeza kwenye mtandio zilikuwa nyeupe kuliko Ummi alivyozikumbuka.

"Ummi," alisema kwa sauti ya chini, "rudi kwenu. Nakuomba, mwanangu."

Hapo ndipo hofu ilipoanza kumwingia. Katika miaka miwili mama huyu hakuwahi kumwomba kitu, wala kumwita mwanangu. Ummi alivua viatu, akampita, akafunua pazia.

Chumbani hapakuwa na mbao wala seremala. Palikuwa na Swabir, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, ameinamia mbele, mikono ameikaza magotini, na shali amejizungushia shingoni katika joto lile la Machi. Mabega yake yalipanda na kushuka. Kila yalipopanda, ile sauti ilikwaruza. Ilikuwa ikitoka kwake. Ilikuwa pumzi yake.

Aliinua macho akamwona. Macho yalikuwa yale yale, makubwa, ya mtu anayekaribia kucheka. Mengine yote yalikuwa yamepungua.

"Nilisema uandike," alisema.

Haikuwa sauti. Ulikuwa upepo tu, unaotoka kama kwenye gurudumu lililotobolewa.

Ummi alipiga magoti mbele yake. Akanyoosha mkono kwenye shali. Swabir aliushika, akautazama, kisha akauachia.

Alikuwa na rovu dogo shingoni tangu wajuane, lililokuwa likipanda na kushuka kila anapomeza, na Ummi alikuwa akimtania kwamba amemeza limau la watu. Limau hilo halikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na kitu kikubwa kama ngumi mbili, kimevimba kutoka chini ya kidevu hadi kwenye mtulinga, ngozi imevutika na kung'aa. Ummi aligusa kwa ncha za vidole. Palikuwa pagumu kama jiwe la kusagia.

"Tangu lini?"

"Baada ya Idi lilianza kukua. Kila nikiamka, kola ya shati inanibana zaidi." Alipumzika, msasa ukakwaruza. "Halafu sauti ikakatika. Nikasema hutaisikia sauti hii."

"Ni nini?"

"Saratani ya rovu. Daktari alinieleza. Ziko aina ambazo mtu hutibiwa, akazeeka, akafa na mengine." Akapumua. "Yangu si hizo. Yangu ni ile isiyongoja mtu."

Nje, Bi Biasha alikuwa ameacha kukuna nazi.

"Wamekupa muda gani?" aliuliza Ummi.

"Niliwakataza wasiniambie. Mama ndiye aliyeuliza." Alijaribu kutabasamu. "Akarudi nyumbani, akaanza kupokea wageni."

Ummi alifunga macho. Wazee, akina mama, sheikh. Posa.

"Na dawa?"

Alimweleza kidogo kidogo, kwa vipande vya pumzi. Kisu hakifai, kwa sababu uvimbe umelikumbatia koo lote na mishipa mikubwa ya damu. Wamechukua kinyama kidogo wakakipeleka Nairobi, wanatafuta alama fulani ndani yake. Alama ikiwepo, kuna vidonge vinavyoweza kuurudisha uvimbe nyuma, na wako watu waliovitumia wakaishi kupita walivyotarajiwa. Isipokuwepo, itabaki mionzi kule Mombasa na dawa za kutiwa mshipani, si kuuondoa, kuupunguza mwendo tu.

"Mionzi umeanza lini?"

Swabir alitazama dirishani.

"Swabir. Umeanza?"

"Mionzi huvimbisha kwanza kabla ya kupunguza. Wanataka kunitoboa hapa." Akaweka kidole chini ya koo. "Waingize mpira nipumulie. Sauti hii kidogo nayo iende. Nimekataa."

"Na mimi nimekataa pamoja naye."

Bi Biasha alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa machicha ya nazi. "Nilimzaa na shingo nzima. Akirudi kwa Mola wake, atarudi nayo."

Ummi hakugeuka. "Kwa hiyo zile jumbe," alimwambia Swabir, "ulikuwa unaniaga."

"Nilitaka unichukie. Mtu ukimchukia, humlilii sana."

"Nimekulilia wiki tatu nikidhani unaoa, na kukuchukia nimeshindwa. Sasa utaniambia nini jingine?"

Jasho lilikuwa likimtiririka Swabir kwenye paji la uso, na Ummi alilifuta kwa ukingo wa buibui lake jipya. Walitazamana. Katika macho yake Ummi aliona kitu alichokuwa amekificha kwenye zile jumbe kavu: alikuwa anaogopa kama mtoto aliyeachwa peke yake, na alikuwa ameshukuru, pamoja na yote, kwamba hakutiiwa.

"Nioe," alisema Ummi.

"Nikuoe ili uwe mjane?"

"Utalaka nimeshauonja, Swabir. Na niliachwa na mtu mwenye afya zake."

"Astaghfirullahi," alisema Bi Biasha. "Mtu anakufa, wewe wataka harusi."

"Mama," alisema Ummi, akageuka sasa, "aliyesema anakufa ni wewe. Yeye hajasema. Amesema anaogopa kutobolewa."

"Usinifundishe mwanangu."

"Sikufundishi. Nakuuliza. Ukikaa pale barazani unakuna nazi, unaisikia hiyo pumzi?"

"Naisikia hata nikiwa sokoni," alisema Bi Biasha. "Naisikia nikiwa kwenye sijida." Akageuka, akaenda jikoni, akarudi na bakuli la uji mwepesi, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. "Mwache ale. Tangu jana hajatia kitu tumboni."

Swabir alikunywa kijiko kimoja kumridhisha mama yake. Cha pili kilimpalia. Alikohoa, akakohoa tena, akasimama wima na kiti kikaanguka nyuma yake. Kisha ile sauti ya msasa ikakoma.

Kimya kilikuwa kibaya kuliko sauti. Mdomo wake ulikuwa wazi, kifua kinapanda, na hakuna kilichoingia. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Bakuli likavunjika. Bi Biasha aliita jina la Mungu mara moja tu, kisha akatoka mbio bila viatu kwenda kwa jirani yao Fondo, aliyekuwa na gari la kuchukulia samaki kutoka Gazi. Ummi alimkumbatia Swabir kwa nyuma, akamwinamisha mbele, akampiga mgongoni kwa kiganja, mpaka akawa hajui tena kama anampiga au anamshikilia. Uji ukamtoka. Pumzi nyembamba kama uzi ikapita, ikapiga mluzi.

Ndani ya gari lile, lililonuka samaki mpaka kwenye viti, wanawake wawili walimweka katikati. Bi Biasha alitaka kumlaza mapajani mwake kama alivyomlaza alipokuwa mdogo.

"Asilale, mama," alisema Ummi. "Tumshike hivi hivi."

Na wakamshika, bega kwa bega, kila mmoja mkono wake nyuma ya mgongo wa Swabir, vidole vyao vimeshikana pasipo wao kujua.

*

Daktari aliyewapokea hospitalini alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, Daktari Eunice, mwenye sauti ya upole na mikono ya haraka. Alimwekea oksijeni, akamchoma sindano, akasikiliza shingo, halafu akainama hadi usawa wa macho ya mgonjwa.

"Swabir, njia ya hewa imebaki kama mrija wa soda. Sindano hii itatupa muda mfupi. Nataka kuweka ule mpira sasa hivi, wakati bado una nguvu. Unanikubalia?"

Swabir alitikisa kichwa. Hapana.

"Unaelewa nisipouweka?"

Akaitikia. Anaelewa.

Daktari alimtazama Bi Biasha. Bi Biasha akatazama sakafu. Ummi alisogea, akaweka mdomo wake karibu na sikio la Swabir. Alinuka jasho na uji.

"Sikuombi miaka," alimwambia. "Wewe pumua tu. Mengine tutagombania nyumbani."

Alifumba macho. Chozi lilimtoka, likaingia chini ya kikombe cha oksijeni. Hakuitikia.

Ndipo Bi Biasha aliposogea upande wa pili wa kitanda. Miguu yake ilikuwa mitupu na yenye vumbi, na machicha yalikuwa yamekaukia vidoleni. Alimshika mwanawe paji la uso.

"Swabir," alisema. "Mkubalie mkeo."

Alifumbua macho akamtazama mama yake kana kwamba hakumsikia vizuri. Yeye akarudia, safari hii akimtazama Ummi. "Mkubalie mkeo, mwanangu."

Swabir akaitikia.

Waliposukuma kitanda ndani na mlango kufungwa, wanawake wale walikaa kwenye benchi moja. Upepo ulikuwa ukibamiza dirisha mahali fulani kwenye korido na hakuna aliyekwenda kulifunga.

"Nilikukataa kwa ajili ya wajukuu," alisema Bi Biasha mwishowe. "Nilitaka jina la baba yake lisipotee. Sasa sina hata hiyo sababu. Nimebaki na kukukataa tu, na mikono imechoka."

Ummi alitoa leso kwenye mkoba, akaichovya kwenye chupa ya maji, akaanza kumfuta vumbi miguuni. Bi Biasha alimwacha.

*

Nduguye Ummi, Suleiman, ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwoza. Alipofuatwa kwake na habari ya harusi aliuliza, "Dada, wataka kuolewa au wataka kuuguza?"

"Vyote viwili."

"Na ukibaki peke yako?"

"Nilikuwa peke yangu kabla yake, Suleiman, na nilijua namna ya kuishi. Usinizuie hili."

Hakumzuia. Swabir aliporudi nyumbani walifunga ndoa siku ya Alhamisi, barazani kwa Bi Biasha, watu wachache, pilau sufuria moja. Ummi alikuwa amejifunza hospitalini kuusafisha ule mpira, kuvuta makohozi kwa mashine ndogo, kubadilisha kitambaa chake. Asubuhi ile alimsafisha kwanza bwana harusi, ndipo akajipamba mwenyewe. Nyumba ilikuwa kimya. Ile sauti ya msasa haikuwapo tena, ila pumzi fupi iliyopita shingoni kama mtu anayepuliza chai.

Alisikiliza nyuma ya pazia. Sheikh alisoma hotuba, Suleiman akatamka kumwoza dada yake kwa mahari waliyokubaliana, kisha sheikh akasema kwa upole kwamba bwana harusi anaweza kuitikia kwa kichwa, dini haina uzito.

Ummi aliuma kidole. Kupitia upenyo wa pazia alimwona Swabir anainua mkono, anaweka kidole juu ya tundu la mpira, analiziba. Uso wake ulikaza. Na upepo ukapanda mdomoni, umekwaruzika, umechanika, lakini kila mtu barazani aliusikia.

"Nimekubali kumwoa."

Wanawake walianza vigelegele, wakakumbuka, wakavishusha, wakavipandisha tena.

Simu ya Ummi iliita pilau likigawiwa. Alipoona ni Daktari Eunice, alitoka nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia daktari kwamba habari zote sasa apewe mke.

"Majibu ya Nairobi yamefika," alisema daktari. "Ummi, nasikitika. Ile alama hatukuiona. Vidonge havitamfaa."

Ummi aliushika ukingo wa tangi. "Kwa hiyo ni mionzi."

"Mionzi na dawa za mshipani. Nimeongea na wenzangu Mombasa, wana nafasi. Wanaweza kumpokea hata kesho. Au kwa kuwa mna harusi, mje Jumatatu."

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi sitakudanganya. Huu uvimbe haupumziki Jumamosi na Jumapili."

Alipogeuka, Bi Biasha alikuwa nyuma yake, na sahani ya pilau mkononi. Alikuwa ameshausoma uso. "Usimwambie leo," alinong'ona. "Mpe siku hii moja."

Ummi alirudi ndani. Wageni walikuwa wakila na kucheka kwa uangalifu, kama watu wanaotembea karibu na mtoto aliyelala. Swabir alikuwa kwenye kiti chake, kanzu nyeupe, kofia ya kito, anamngoja. Alimtazama mara moja tu. Akaweka kidole shingoni.

"Haipo?"

Nyuma yake Bi Biasha alivuta pumzi. Ummi alikaa kando ya mumewe, akamshika mkono ulio huru.

"Haipo."

Aliitikia taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu ambacho alikuwa ameshaamua kukinunua. Kisha: "Basi Jumatatu. Twende tukaanze."

Ummi alimtazama shingo. Kola ya kanzu aliifunga yeye mwenyewe asubuhi, na kidole chake kilipita ndani yake bila taabu. Sasa ukingo wa kitambaa ulikuwa umezama kwenye nyama, na chini ya sikio, mahali alipombusu juzi pakiwa laini, ngozi ilikuwa imeanza kung'aa.

"Kesho," alisema.

"Na fungate?"

"Tutaila huko huko Mombasa."

Swabir alicheka. Hakikutoka kitu mdomoni, ila hewa ilitoka shingoni kwa mikupuo midogo, na mabega yakamcheza kama zamani. Ummi alifungua kishikizo cha kola ili apumue vizuri, akainuka, akaenda chumbani kufunga mizigo. Alimkuta Bi Biasha ameshalishusha begi kutoka juu ya kabati, anakunja mashati ya mwanawe na machozi yakimdondoka juu yake, na anachagua yale yenye shingo pana.